Kompyuta kuukuu inapokataa kuwaka: ni vyema kujua ilipokwama kabla ya kufuta kilichomo

Katika ofisi nyingi za shule, zahanati na vyama vya ushirika nchini na katika nchi jirani, kazi za kila siku bado hufanywa na kompyuta zilizotumika kwa miaka mingi. Nyingi kati ya hizo zilinunuliwa zikiwa tayari zimetumika Ulaya, katika nchi za Ghuba au Marekani. Ipo siku kompyuta ya aina hiyo hubonyezwa kitufe asubuhi na isiwake kama ilivyozoeleka. Hatua zinazochukuliwa katika saa chache zinazofuata ndizo huamua iwapo matokeo ya wanafunzi, kumbukumbu za wagonjwa au hesabu za wanachama zitapona au zitapotea.

Mara nyingi hasara kubwa haitokani na hitilafu yenyewe, bali na tiba ya pupa. Mtumiaji hukata shauri kwamba kompyuta imekufa, au hukubali ushauri wa kupiga Windows upya. Diski hufutwa, na baadaye hugundulika kwamba kilichokuwa kibovu ni betri ndogo ya volti 3 au waya uliolegea. Makala haya yanaeleza namna ya kutambua kompyuta ilipokwama, mambo yanayoweza kufanywa bila vifaa vya gharama, na wakati wa kusimama na kumwachia fundi.

Safari ya kuwaka ina vituo vitano

Kompyuta nyingi za mezani na za mapajani zinazotumika katika eneo hili ni za ukoo wa kompyuta ya IBM iliyotolewa Agosti 1981. Umbo, kasi na uwezo vimebadilika mno tangu wakati huo, lakini utaratibu wa kuwaka umebaki na mpangilio uleule wa vituo vinavyofuatana.

Kwanza, umeme huingia na kugawanywa kwa sehemu zote za ndani. Pili, programu ndogo iliyohifadhiwa katika bodi kuu, maarufu kwa jina la bayosi, hukagua kichakataji, kumbukumbu ya muda iitwayo ramu, kadi ya picha na kibodi. Katika kompyuta nyingi zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2012 hivi, kazi hiyo hufanywa na programu mpya zaidi iitwayo UEFI. Tatu, programu hiyo hutafuta kifaa chenye mfumo endeshi, kwa kawaida diski ya ndani. Nne, mfumo endeshi, kama vile Windows au Linux, huanza kupakiwa kutoka kwenye diski kwenda kwenye ramu. Tano, mtumiaji huoneshwa ukurasa wa kuingilia, na programu zake huanza kufanya kazi.

Kila kituo kina dalili zake. Kompyuta isiyowasha taa wala kuzungusha feni imekwama katika kituo cha kwanza. Inayozungusha feni huku skrini ikibaki nyeusi imekwama katika kituo cha pili. Inayoonesha nembo ya mtengenezaji kisha ikadai kwamba haioni diski imefika kituo cha tatu. Inayoanza kuonesha nembo ya Windows kisha ikazima, ikajirudia au ikaleta skrini ya buluu imefika kituo cha nne au cha tano, na hiyo ni ishara kwamba sehemu kubwa ya mashine ni nzima.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ni kutazama na kusikiliza. Mtumiaji aandike kinachotokea tangu kitufe kinapobonyezwa: taa zilizowaka, milio iliyosikika na idadi yake, na maneno yaliyotokea kwenye skrini. Picha iliyopigwa kwa simu inatosha. Maelezo hayo yatamsaidia fundi kuliko kumwambia tu kwamba kompyuta imeharibika.

Tahadhari kabla ya kufungua

Kompyuta isifunguliwe ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Waya wa umeme uchomolewe, betri ya kompyuta ya mapajani iondolewe ikiwa inaondoka, kisha kitufe cha kuwashia kishikiliwe kwa sekunde kadhaa ili kumaliza umeme uliobaki. Kabla ya kugusa bodi kuu au ramu, mtu aguse kwanza chuma cha kasha, kwa kuwa umeme tuli wa mwilini unaweza kuharibu sehemu hizo bila mguso huo kuhisiwa.

Sehemu moja haipaswi kufunguliwa kabisa na asiye fundi: kisambaza umeme, ambacho mafundi wengi hukiita pawasapulai. Kapasita zilizomo ndani yake huweza kuhifadhi umeme wenye nguvu ya kuua hata baada ya waya kuchomolewa.

Isipoonesha dalili yoyote ya uhai

Uchunguzi huanzia ukutani. Soketi ijaribiwe kwa taa au chaja ya simu inayojulikana kuwa nzima. Waya wa kuongezea uondolewe, na kompyuta ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi. Nyuma ya kompyuta nyingi za mezani ipo swichi ndogo yenye alama za I na O. Upande wa O ukiwa umebonyezwa, umeme haupiti, na swichi hiyo huguswa kwa urahisi wakati wa kufagia au kuhamisha meza.

Karibu na swichi hiyo, pawasapulai nyingi za zamani zina kichaguzi, aghalabu chekundu, kilichoandikwa 115 na 230. Umeme wa majumbani katika Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo uko kati ya volti 220 na 240, ilhali wa Marekani ni volti 120. Kompyuta iliyoletwa kutoka Marekani huweza kufika ikiwa bado imewekwa kwenye 115. Ikichomekwa hivyo katika eneo hili, pawasapulai hulipuka kwa kishindo na moshi mara moja. Kichaguzi hicho kitazamwe kabla ya kuchomeka mashine yoyote mpya machoni pa mmiliki wake. Chaja nyingi za kompyuta za mapajani hazina tatizo hilo, kwa kuwa hupokea volti 100 hadi 240 zenyewe. Kiwango hicho huandikwa kwenye lebo ya chaja.

Hatua inayofuata ni kuchomoa kila kitu kisicho cha lazima: printa, flashi, kipanya, spika na waya wa mtandao. Kifaa kimoja chenye hitilafu ya ndani kinaweza kuizuia kompyuta nzima kuwaka. Kompyuta ya mapajani ijaribiwe pia kwa chaja pekee bila betri, pale betri inapoweza kuondolewa, maana betri iliyochoka huweza kuvuta chini umeme wa mashine yote.

Mwenye kipima umeme anaweza kufanya kipimo kimoja zaidi, iwapo amezoea kazi hiyo. Pawasapulai za kawaida za kompyuta za mezani hutoa volti 3.3, 5 na 12, na upungufu au ziada inayokubalika ni asilimia 5. Kwa hiyo waya wa volti 12 usisome chini ya 11.4 wala zaidi ya 12.6. Pawasapulai inayotoka nje ya mipaka hiyo ibadilishwe nzima.

Kapasita za bodi kuu nazo zitazamwe. Hizi ni vipande vidogo vya mviringo vilivyosimama kama makopo. Vichwa vyake vinapaswa kuwa bapa. Kichwa kilichovimba au kilichotoa ute wa kahawia ni dalili ya kapasita iliyokufa. Bodi nyingi zilizotengenezwa katika miaka ya mwanzo ya 2000 ziliathiriwa na kapasita duni, na kompyuta ya namna hiyo hujulikana kwa tabia yake: hukataa kuwaka asubuhi, ikawaka baada ya kubonyezwa mara nyingi, kisha ikafanya kazi vizuri ikishapata joto. Fundi anayejua kulehemu anaweza kubadilisha kapasita hizo bila kununua bodi mpya.

Feni inazunguka, skrini ni nyeusi

Kabla ya kuishuku kompyuta, skrini yenyewe ichunguzwe. Je, taa yake inawaka? Waya wake umekaza pande zote mbili? Kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha ya ziada huwa na matundu mawili ya waya wa skrini, na waya ukiwekwa kwenye tundu la bodi kuu badala ya lile la kadi, skrini huweza kubaki nyeusi bila kosa lolote. Kwa kompyuta ya mapajani, tochi ya simu iangazwe kwenye skrini gizani. Ikiwa picha hafifu inaonekana, mashine inafanya kazi na kilichokufa ni mwanga wa nyuma ya skrini. Kuunganisha skrini ya nje kutathibitisha jambo hilo.

Kompyuta nyingi za zamani hueleza ugonjwa wao kwa milio. Maana ya milio hutofautiana kati ya watengenezaji, hivyo ni lazima kuangalia kitabu cha aina husika. Kwa mfano, katika bayosi nyingi za Award, mlio mmoja mfupi ni ishara kwamba ukaguzi umepita, na mlio mmoja mrefu unaofuatwa na miwili mifupi huashiria kasoro ya kadi ya picha. Baadhi ya mashine hutumia taa zinazowaka na kuzima kwa idadi maalumu badala ya sauti.

Chanzo kinachostahili kuangaliwa mapema katika kituo hiki ni ramu. Vipande vya ramu hukaa katika mifereji na kugusana na bodi kwa meno membamba ya rangi ya dhahabu. Mijini pwani, kama vile Mombasa, Tanga na Unguja, hewa yenye chumvi na unyevu hula metali taratibu. Kwingineko, vumbi hufanya kazi hiyohiyo ya kuzuia mguso. Tiba yake ni rahisi: kipande kitolewe, meno yasuguliwe polepole kwa kifutio cha penseli kilicho safi, yapanguswe kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, kisha kipande kirudishwe kwa kubanwa hadi vishikio vya pembeni vifunge. Zikiwa ramu mbili au zaidi, kila moja ijaribiwe peke yake. Anayetaka kununua nyingine akumbuke kwamba vizazi vya ramu haviingiliani: DDR2, DDR3 na DDR4 zina nafasi tofauti za mkato, na kulazimisha huvunja mfereji.

Lipo jaribio jingine linalotumiwa na mafundi. Ramu zote hutolewa, kisha kompyuta huwashwa. Ikipiga milio ya kulalamika, basi kichakataji na bayosi vinafanya kazi, na uchunguzi uendelee kwenye ramu na kadi ya picha. Ikinyamaza kabisa ilhali ina kipaza sauti cha ndani, shaka huelekea kwenye bodi kuu, kichakataji au umeme.

Kompyuta inayowaka na kuzima baada ya dakika chache huenda inajilinda dhidi ya joto. Vumbi likiziba feni, au mafuta mazito yaliyo kati ya kichakataji na kipozeo yakikauka, joto hupanda hadi mashine hujizima. Kusafisha feni na kuweka mafuta mapya kwa kawaida huondoa tatizo hilo.

Saa inaporudi nyuma: betri ndogo yenye lawama kubwa

Mwaka 1984, kompyuta ya IBM iliyopewa jina la PC AT ilianza kuhifadhi saa na mipangilio ya mashine katika kumbukumbu ndogo inayolindwa na betri. Utaratibu huo umeendelea katika vizazi vilivyofuata. Betri inayotumika zaidi ni ile bapa kama sarafu, yenye maandishi CR2032: kipenyo chake ni milimita 20, unene milimita 3.2, na nguvu yake volti 3. Hudumu kwa miaka kadhaa, na hulika upesi zaidi katika kompyuta inayokaa muda mrefu bila kuchomekwa kwenye umeme.

Betri hiyo ikiisha, dalili ya kwanza ni saa na tarehe kurudi nyuma miaka mingi kila kompyuta inapozimwa. Dalili ya pili huwachanganya wengi: kurasa za intaneti hukataa kufunguka zikidai kwamba muunganisho si salama. Hali hiyo hutokea kwa sababu vyeti vya usalama vya kurasa hizo vina tarehe za kuanza na kuisha, na kompyuta inayoamini kwamba bado iko katika mwaka uliopita zamani huviona kuwa si halali. Dalili ya tatu ni ujumbe kwenye skrini nyeusi unaomtaka mtumiaji abonyeze F1 ili kuendelea.

Dalili ya nne ndiyo inayogharimu data. Betri inapoisha, bayosi husahau mipangilio yote na kurudia ile ya kiwandani. Miongoni mwa mipangilio hiyo ni namna ya kuwasiliana na diski, inayoandikwa AHCI, IDE au RAID. Ikiwa Windows iliwekwa wakati mpangilio ni AHCI, kisha bayosi ikarudi kwenye IDE, Windows hushindwa kuifikia diski yake yenyewe. Huanza kuwaka, kisha huleta skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B na kujizima. Kwa asiyejua, hiyo ni picha kamili ya diski iliyokufa au Windows iliyoharibika. Ukweli ni kwamba hakuna kilichoharibika. Mpangilio wa awali ukirudishwa, kompyuta huwaka na kila faili likiwa mahali pake.

Vivyo hivyo, mashine iliyokuwa ikiwaka kwa UEFI inaweza kurudishwa kwenye mtindo wa zamani, au kinyume chake, ikadai kwamba hakuna mfumo endeshi. Kabla ya kuruhusu diski ifutwe kwa sababu ya ujumbe wa namna hiyo, saa ya bayosi itazamwe kwanza. Ikiwa imerudi nyuma, betri ibadilishwe, tarehe irekebishwe, na mipangilio ya diski na ya kuwakia ijaribiwe mmoja baada ya mwingine. Kila jaribio liandikwe ili liweze kurudishwa.

Kubadilisha betri hiyo ni kazi ya dakika chache. Upande wenye alama ya kujumlisha kwa kawaida huelekea juu. Katika kompyuta nyingi za mapajani, betri hufungwa katika ganda na kuunganishwa kwa nyaya mbili, na huhitaji kununuliwa ya aina hiyohiyo. Betri kuukuu isiachwe mezani: mtoto akiimeza, inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili tu, na anapaswa kupelekwa hospitalini bila kuchelewa.

Diski isipoonekana, au inapogonga

Kompyuta inaposema kwamba haioni kifaa cha kuwakia, jambo la kwanza ni kuangalia kama kuna flashi au sidii iliyosahauliwa ndani. Bayosi nyingi hutafuta mfumo endeshi humo kwanza, na zikikosa husimama hapo. Kisha bayosi ifunguliwe, kwa kawaida kwa kubonyeza F2, F10 au kitufe cha kufuta mara tu mashine inapowashwa, ili kuona kama jina la diski limeorodheshwa. Lisipokuwepo, waya wa data na wa umeme wa diski uchomolewe na kurudishwa, au ubadilishwe. Nyaya hizo hulegea kompyuta inaposafirishwa.

Diski ya sahani zinazozunguka ikitoa mlio wa kugonga au kukwaruza unaojirudia, kompyuta izimwe papo hapo. Kila dakika ya ziada inaweza kukwaruza sehemu zilizobaki salama. Katika hali hiyo programu za kukarabati diski zisitumiwe, kwa kuwa huilazimisha diski dhaifu kusoma na kuandika kwa wingi. Kinachotakiwa ni kuinakili diski nzima kwenda kwenye diski nyingine nzima, kisha kufanya uokoaji wote kwenye nakala. Programu ya bure ya ddrescue, inayotumika katika Linux, iliundwa kwa kazi hiyo: huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, na huacha zenye matatizo hadi mwisho. Ushauri wa kuigandisha diski kwenye friji au kufungua kifuniko chake upuuzwe, maana unyevu na vumbi humalizia kilichobaki.

Diski isiyo na kelele lakini iliyo katika kompyuta isiyowaka inaweza kutolewa, ikawekwa katika kasha la USB na kusomwa kwenye kompyuta nyingine. Ikiwa ilifungwa kwa BitLocker, itadai ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48. Bila ufunguo huo faili hazifunguki, kwa hiyo uandikwe na kuhifadhiwa nje ya kompyuta wakati mashine ingali nzima.

Nembo inaonekana, kisha safari inakatika

Si kila kompyuta isiyowaka ina kifaa kibovu. Tarehe 19 Julai 2024, takriban kompyuta milioni 8.5 zinazotumia Windows duniani, kwa makadirio ya Microsoft, zilishindwa kuwaka baada ya kampuni ya usalama wa mitandao ya CrowdStrike kusambaza masasisho yenye kasoro. Viwanja vya ndege, benki na hospitali viliathiriwa. Masasisho hayo yaliondolewa baada ya dakika 78, lakini kompyuta nyingi zilizokwisha kuyapokea zilihitaji mtu wa kuzigusa moja moja: kuziwasha katika hali salama, ambamo Windows hupakia vitu vya lazima tu, na kufuta faili lililokosewa. Katika mashine hizo, diski, ramu na bodi zilikuwa nzima.

Njia hiyohiyo hutumika kwa kompyuta ya ofisini. Katika Windows 7, hali salama hufunguliwa kwa kubonyeza F8 mara kadhaa mashine inapoanza. Katika Windows 10, kompyuta ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, ukurasa wa uokoaji hujitokeza wenyewe. Mashine ikiwaka katika hali salama, programu au kiendeshi kilichowekwa siku za karibuni ndicho cha kushukiwa kwanza.

Isipowaka hata hivyo, flashi yenye Linux ni msaada mkubwa. Mfumo kama Linux Mint unaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya ndani. Ukiwaka na kufanya kazi vizuri, ni uthibitisho kwamba sehemu kubwa ya mashine ni nzima, na faili zinaweza kunakiliwa kwenda kwenye diski ya nje kabla ya hatua nyingine yoyote. Kompyuta inayokwama ovyo, kila mara mahali tofauti, ipimwe ramu yake kwa programu ya Memtest86+, ikiachwa kwa saa kadhaa au usiku kucha. Kosa hata moja linatosha kuonesha kwamba ramu, au mfereji wake, si wa kuaminiwa.

Kompyuta inapokwenda kwa fundi

Katika mitaa ya wauza vifaa vya elektroniki, kama Luthuli Avenue jijini Nairobi au Kariakoo jijini Dar es Salaam, wapo mafundi wenye uzoefu mkubwa. Hata hivyo, agizo linalotolewa kwao linapaswa kuwa wazi na la maandishi: diski isifutwe wala Windows isipigwe upya bila idhini ya mwenye mashine. Pale ambapo hitilafu ni ya umeme au skrini, diski inaweza kutolewa na kubaki ofisini.

Tahadhari hiyo ina upande wa kisheria pia. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Shule au zahanati inayopeleka kompyuta yake nje haiachi mlangoni wajibu wa kulinda taarifa za wanafunzi au wagonjwa zilizomo.

Wakati wa kuachana nayo

Upo ukomo wa matengenezo. Bodi kuu iliyoungua baada ya radi, au mashine ambayo gharama ya vipuri inazidi bei ya nyingine iliyotumika, haina sababu ya kuendelea kutibiwa. Umri wa programu nao huhesabiwa. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 7 Januari 2020, na kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta isiyokidhi masharti ya Windows 11 haigeuki takataka siku hiyo, lakini ikibaki kwenye intaneti inahitaji mfumo unaoendelea kupokea masasisho, na Linux ni mojawapo ya njia hizo.

Inapobidi kuiondoa, isitupwe jalalani wala kuchomwa moto, kwa kuwa ina risasi na kemikali nyingine zenye sumu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilieleza kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na kwamba asilimia 22.3 pekee ndizo zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Rwanda ina kituo cha kufumua na kurejeleza taka hizo katika wilaya ya Bugesera. Tangu tarehe 1 Januari 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel yanaitaka nchi inayosafirisha taka za kielektroniki kupata kwanza ridhaa ya nchi inayozipokea. Kabla ya kompyuta kutolewa, diski yake ifutwe kabisa kwa programu maalumu au iharibiwe.

Kwa kompyuta itakayopona, kazi ya kwanza siku inapowaka tena ni kunakili nyaraka zote muhimu kwenda mahali pawili tofauti, kimoja kikiwa nje ya jengo. Baada ya hapo betri ya bodi kuu ibadilishwe ikiwa ina umri wa miaka mingi, mipangilio ya bayosi ipigwe picha, na picha hizo zihifadhiwe kwenye simu pamoja na kuchapishwa na kubandikwa ndani ya kasha la kompyuta. Siku itakapokataa kuwaka tena, atakayeifungua ataanza na maelezo yaliyo mbele yake, na data itakuwa imekwisha kuhifadhiwa kwingine.